Protase na Mafunzo ya Siku Kumi

Asubuhi ile Protase aliendesha gari kutoka Nshamba mpaka Muleba bila kutoka uani kwake. Gari lilikuwa kinu kilicholazwa ubavu. Usukani ulikuwa ungo wa mkewe. Chini alipanga mawe matatu: moja klachi, moja breki, moja mafuta. Injini ilikuwa mdomo wake mwenyewe, na ilikuwa injini ya kelele kweli.

“Vuuu! Vuuu! Pii-pii!”

Kuku walikimbia. Mkewe, Benigna, alikuwa akianika kahawa kwenye majamvi. Yeye hakukimbia.

“Umefika wapi, dereva?”

“Naingia Muleba.”

“Ukifika Bukoba niletee chumvi. Na ungo wangu uurudishe. Kahawa haijipepeti yenyewe, waitu.”

“Waitu” ni neno la Kihaya la kumheshimu mtu. Lakini Benigna alilivuta mwishoni, na Protase akajua kwamba anachekwa.

Hata hivyo hakuwa akicheza. Ulikuwa mwaka 1954. Bei ya kahawa ilikuwa nzuri, na chama cha wakulima cha pale kijijini kilikuwa kinasubiri lori lake la kwanza. Lingekuja mwanzo wa Julai, msimu ukiwa umepamba moto. Lori lilikwisha agizwa. Dereva ndiye aliyekuwa bado.

Mwenyekiti wa chama, Mzee Rugaibula, alimwita Protase baada ya misa.

“Wewe ni kijana wetu,” alisema. “Hunywi kupita kiasi na unajua kusoma. Niletee leseni ifikapo siku ya mwisho ya Juni, usukani ni wako. Bila leseni, tutatafuta dereva mjini.”

Kazi hiyo Protase aliihitaji sana. Kibanja chao kilikuwa kidogo. Migomba iliwalisha, lakini kahawa haikufika mbali. Kaka yake, Philbert, alikuwa na kibanja kidogo vilevile. Alikwenda Uganda kutafuta kazi, akasema atarudi baada ya mwaka. Huu ulikuwa mwaka wa nne, na barua zilikuwa mbili. Protase alikwisha mwambia mkewe kwamba akikosa usukani, naye atavuka mpaka.

Benigna hakujibu siku ile. Alikuwa na mimba ya miezi miwili, mimba yao ya kwanza. Aliinama akaendelea kuchambua kahawa, na kwa Benigna kunyamaza ni ugonjwa.

Zilibaki wiki saba.

Huko Rwamishenye, pembeni mwa mji wa Bukoba, alikuwako Mwalimu Hamidi aliyefundisha udereva. Alifundisha kwa namna mbili. Ya kwanza ilikuwa saa moja kwa siku, siku mbili kwa wiki, kwa muda wa miezi mitatu hivi. Ya pili ilikuwa siku kumi mfululizo, tangu asubuhi mpaka alasiri, kisha mtihani.

“Siku kumi!” alisema Protase. “Nitarudi hata kahawa hii haijakauka.”

“Na ile ya miezi mitatu ni ya nani?” aliuliza Benigna.

“Ya watu wazito wa kichwa. Mimi nimemaliza darasa la sita.”

“Ukawa wa ngapi?”

“Benigna, hayo ni mambo ya zamani.”

Basi akafunga nguo zake katika kitambaa, akapanda basi kwenda Bukoba.

*

Mwalimu Hamidi alikuwa mtu mfupi, msafi, mwenye kofia nyeupe na suruali ya kaki iliyonyooshwa. Babu yake alitoka pwani. Yeye mwenyewe alizaliwa Bukoba, na wakati wa vita aliendesha malori ya jeshi. Gari lake la kufundishia lilikuwa Morris kuukuu ya kijivu, yenye herufi L ya wanafunzi mbele na nyuma. Breki ya mkono ilikuwa katikati ya viti viwili, na mkono wa mwalimu haukukaa mbali nayo.

“Unataka namna ipi?” aliuliza.

“Siku kumi, mwalimu.”

“Umewahi kushika usukani?”

Protase aliufikiria ungo. “Nimewahi.”

“Wa gari gani?”

“La nyumbani.”

“Kumbe nyumbani mna gari!”

“Dogo,” alisema Protase, akatazama viatu vyake.

Siku hiyo mwalimu alikuwa na haraka. Aliandika jina, akamwonyesha chumba cha kulala nyuma ya nyumba. Humo alimkuta mwanafunzi mwingine, kijana wa mjini aitwaye Burhani. Burhani alikuwa amefanya kazi ya utingo miaka minne. Alipakia mizigo, alibadilisha magurudumu, aliweka jiwe nyuma ya tairi mlimani. Gari likipita nje, alisema bila kutazama, “Huyo ameingiza gia ya tatu mapema mno.”

Siku ya kwanza walikwenda kwenye uwanja mtupu. Burhani alianza. Gari liliondoka taratibu kama bibi harusi. Akaja Protase. Aliachia klachi, na gari likaruka kama chura, likakohoa, likazimika.

“Tena,” alisema mwalimu.

Likaruka tena. Jua lilipopinduka, Protase alikuwa ameruka uwanja mzima.

“Bwana Protase,” alisema Burhani, “hili ni gari au panzi?”

“Gari la nyumbani lina klachi laini,” alijibu Protase.

Siku ya pili aliondoka vizuri mara tatu, akafurahi. Lakini mchana wakaingia gia ya pili, na alipoipata ya pili akaipoteza ya kwanza. Siku ya tatu waliongeza ishara za mkono. Ukitaka kukata kulia, unanyoosha mkono wa kulia dirishani. Protase aliunyoosha mkono vizuri, lakini mguu ukasahau breki. Kila saa ilileta jambo jipya, na jambo jipya lilifukuza la zamani. Jioni mguu wake wa kushoto ulitetemeka wenyewe, kama mguu wa mtu mwingine. Asubuhi alijua mambo kumi. Alasiri alijua manne.

“Nimechoka kidogo tu,” alimwambia mwalimu.

Mwalimu alikuwa ameanza kumtazama kwa makini.

Siku ya nne walitoka barabarani. Ilikuwa saa nane mchana, na Protase alikuwa kwenye usukani tangu saa sita. Burhani alikaa nyuma. Barabara ya Rwamishenye ilikuwa na watu wachache, na gari lilikwenda mwendo wa baiskeli. Mbele, kando ya barabara, akaonekana mzee mmoja mrefu. Alivaa kanzu nyeupe na koti jeusi, na mkononi alishika fimbo.

Alikuwa Mzee Kashaija wa Izimbya, baba yake Benigna.

Sasa, kwa Wahaya, mtu hampiti baba mkwe kama anavyompita mbuzi. Anasimama. Anavua kofia. Anainama, na anasalimia kwa mikono miwili. Kichwa cha Protase kilikuwa kimejaa klachi, gia na ishara za mkono. Kilipomwona mkwe, kilitupa vyote nje kikabaki na jambo moja tu, lile alilofundishwa tangu utoto. Alivua kofia. Aliinamisha kichwa mpaka kifuani. Alitoa mikono yote miwili dirishani.

“Kasinge, waitu!”

Alifanya yote ya adabu isipokuwa kusimama.

“Usukani!” alipiga kelele Burhani.

Gari lilikata kulia, likavuka mtaro, likamfuata mkwe. Mzee Kashaija alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu, lakini aliruka kama mtoto wa shule. Aliangukia ndani ya kibanja cha watu. Mwalimu alivuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote. Morris iliugonga mgomba, ikasimama. Mkungu wa ndizi ukabaki unaning'inia juu ya boneti.

Kisha kutoka chini, kati ya majani makavu, ikasikika sauti ya mzee. Alikuwa mtu wa heshima, na salamu haiachwi bila kujibiwa.

“Nimeipokea, mwanangu. Benigna hajambo?”

Burhani alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Protase hakucheka. Alikuwa ameshuka, ameona kanzu ya mkwe wake. Pale gotini palikuwa pamechanika, na damu ilikuwa ikienea polepole kwenye kitambaa cheupe.

Walimwosha mzee jeraha, wakalifunga. Halikuwa kubwa. Alikubali kiti, maji, na punje chache za kahawa za kutafuna. Kisha akaondoka akichechemea, akikataa katakata kupelekwa kwa gari.

“Ahsante sana,” alisema. “Nitatembea.”

*

Mwalimu Hamidi alimkalisha Protase kwenye benchi mbele ya nyumba. Burhani alikwenda kuiosha Morris.

“Protase, hilo gari la nyumbani ni gari gani?”

Protase aliinamisha kichwa. “Ni ungo, mwalimu.”

“Ungo?”

“Nakaa juu ya kinu.”

Mwalimu alivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba jibu lilikuwa humo. Mabega yalimtikisika. Alipomaliza kucheka alijifuta macho.

“Sikutaka kukudanganya,” alisema Protase. “Niliogopa utanikataa.”

“Nisingekukataa. Ningekuweka kwenye saa moja moja. Na mimi nina kosa. Ningekupa usukani kwanza kabla ya kuandika jina, ungo ungeonekana siku ileile.”

“Lakini Burhani anaweza! Mwalimu mmoja, gari moja, siku zilezile. Mimi ni mjinga?”

“Hapana. Sikiliza. Burhani amekaa barabarani miaka minne. Anajua lori lililobeba linalia vipi likianza kushuka. Anajua mbuzi atakatiza hata kabla mbuzi mwenyewe hajaamua. Mimi namfundisha miguu na mikono tu. Nyumba yake imekwisha ezekwa, anatafuta mlango. Wewe unachimba msingi.”

“Nikichimba kwa bidii zaidi?”

“Mkeo akipika ndizi, moto akiuongeza mara kumi, zitaiva mara kumi upesi?”

“Zitaungua.”

“Haya. Mtu mgeni akishika usukani saa moja, akaenda zake, akalala, akarudi baada ya siku mbili, mguu unakuwa umekumbuka. Akishika saa sita kwa siku moja, saa ya sita inaifuta ya kwanza. Leo hukusahau kwa sababu ya utovu wa akili. Ulichoka. Mtu aliyechoka hurudia alichokizoea zaidi, na wewe umezoea adabu. Siku adabu hiyo itakapokukuta kwenye mteremko wa Nshamba, na magunia nyuma, na akina mama wamekaa juu ya magunia, itakuwaje?”

Protase aliiona ile kanzu tena.

“Basi siku kumi ni za nani?” aliuliza.

“Za Burhani. Za mtu aliyefundishwa kidogo na nduguye, akataka kunyooshwa. Za mtu aliyekuwa na leseni zamani, akaacha. Na awe mtu asiyechoka upesi, kwa sababu kuna watu ambao saa mbili tu zinawatosha, na hiyo si aibu. Jambo jingine, akitoka kwangu awe na gari la kuendelea nalo. Udereva ukiufungia sandukuni mwezi mzima, unaliwa na mchwa. Jeshini walitufundisha kwa wiki chache, ndiyo. Lakini tulikula garini, tukalala garini. Na bado malori yaliyoanguka mitaroni sikuyahesabu.”

Burhani alikuwa amerudi na ndoo. “Lakini mwalimu, mtihani wenyewe ni mfupi,” alisema. “Polisi anakuzungusha mjini mara moja. Protase anaweza kubahatisha. Akipata leseni, mengine atajifunza kazini.”

Moyo wa Protase uliruka. Kubahatisha! Siku sita bado zilikuwepo. Leseni mwezi huuhuu, kazi, mtoto azaliwe baba yake yupo.

“Anaweza,” alisema mwalimu. “Nimeona watu wakibahatisha. Leseni inampita polisi. Mlima haiupiti.” Akamgeukia Protase. “Siku zako sita zimebaki, na ni zako. Ukitaka zote kwa mfululizo, kesho asubuhi tunaendelea. Ukitaka, nitazikata saa moja moja, uje mara mbili kwa wiki. Utakuwa tayari mwezi wa Septemba. Chagua wewe.”

“Juni ndiyo niliyopewa, mwalimu.”

“Nimesikia. Nenda kawaambie waliokupa.”

*

Benigna alimwona mumewe akija njiani siku ya tano badala ya siku ya kumi na moja. Alikuwa ameandaa maneno ya kumtania tangu siku aliyoondoka. Alipomwona uso, aliyameza yote. Alimpa kwanza maji ya kunawa na ndizi na maharage.

Protase alimweleza kila kitu. Alipofika kwenye goti la mzee, Benigna alishika kinywa, akawaita mama na baba kwa Kihaya.

“Mawe! Tata ameumia?”

“Kidogo. Lakini anachechemea.”

“Na alijibu salamu?”

“Alijibu akiwa chini.”

Benigna alijitahidi. Alitazama juu, akatazama pembeni, kisha akaangua kicheko mpaka akashika tumbo. Protase naye akacheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nne. Walipotulia, Benigna alisema polepole:

“Ukibahatisha, mimi nitakuwa nasikiliza. Kila siku ukienda, nitakuwa nasikiliza kama lori linarudi. Sitaki kulea mtoto nikiwa nasikiliza.”

“Na wakimchukua mtu mwingine? Nikaenda Uganda?”

“Hapo pia nitasikiliza,” alisema Benigna. “Lakini kwanza kaseme ukweli. Labda mzee Rugaibula ana masikio.”

Jumapili, baada ya misa, Protase alisimama mbele ya Mzee Rugaibula na wazee wenzake wa chama. Kofia aliishika kwa mikono miwili.

“Waitu, mwisho wa Juni sitakuwa tayari.”

“Ulisema siku kumi,” alisema Rugaibula.

“Nilisema kabla ya kujua. Naweza kwenda kubahatisha leseni. Labda nitaipata. Lakini mwezi wa Julai sitaweza kuwapakia akina mama wetu juu ya magunia na kushuka nao ule mteremko. Septemba nitaweza.”

Wazee walinong'onezana. Mmoja alisema kijana ameogopa. Mwingine alisema afadhali anayeogopa kabla kuliko baada. Rugaibula alikunja uso.

“Kahawa haisubiri Septemba, Protase.”

“Najua. Nimezungumza na kijana mmoja wa Bukoba, Burhani. Amefanya utingo miaka minne, na wiki ijayo atafanya mtihani. Mwalimu anasema atapita. Ana kazi ya basi kwa mjomba wake, lakini inaanza Oktoba. Mchukueni mpaka mwisho wa Septemba. Mimi nitakuwa utingo wake. Kila lori likienda Bukoba, wakati magunia yanashushwa, mimi nitakwenda kwa mwalimu saa yangu moja.”

“Na ukishindwa mtihani Septemba?”

“Basi mtafute dereva. Mimi nitavuka mpaka.”

Rugaibula alikuwa mzee mgumu, na alipenda mambo yaende kama yalivyopangwa.

“Mara moja,” alisema mwishowe. “Mtihani mmoja. Hakuna wa pili.”

*

Burhani alifaulu siku ya kumi na moja, kama mwalimu alivyosema. Lori lilipokuja, jipya, la kijani, alilileta yeye Nshamba, akipiga honi tangu Muleba. Watoto walilikimbilia. Protase alikuwa nyuma juu ya turubai, kazi yake jiwe la mlimani.

Haikuwa rahisi. Watu walimwuliza, “Protase, si ulisema wewe ndiye dereva?” Naye alijibu, “Dereva yuko njiani, anakuja kwa miguu.” Waliocheka walicheka. Yeye akaendelea kupakia magunia.

Mara mbili kwa wiki, wakiwa Bukoba, alikwenda kwa Mwalimu Hamidi saa moja. Saa moja tu. Alipotaka kuongeza, mwalimu alimfukuza. “Nenda kapakue magunia. Mguu ukumbuke wenyewe.” Wakirudi, lori likiwa tupu, walifunga herufi L na Burhani alimpa usukani kwenye sehemu ya tambarare. Burhani alikaa kando yake na kuimba kwa sauti kubwa, akisema dereva lazima azoee makelele. Wiki ya tatu Protase aligundua kwamba amebadilisha gia bila kufikiri. Alishtuka hata akataka kusimama.

“Endelea, panzi,” alisema Burhani.

Salamu ndiyo iliyochelewa. Mikono yake ilitaka kutoka dirishani kila alipoona mvi. Mwalimu alimpa sheria moja: “Simamisha gari kabisa, vuta breki ya mkono, kisha salimu hata nusu saa. Kama huwezi kusimama, macho yako barabarani. Utasalimia ukishuka.” Pale Nshamba watu wakaanza kunung'unika. Walisema Protase amepata kiburi, anawapita wazee kama mzungu. Manung'uniko yalifika mpaka Izimbya kwa Mzee Kashaija. Mzee alikuja kumtembelea binti yake, akayasikia tena kwa masikio yake sokoni Nshamba. Aliinua kanzu mpaka gotini, akawaonyesha kovu.

“Mimi amekwisha nisalimia mara moja akiwa garini,” alisema. “Nyinyi mnaotaka, ombeni zamu.”

Manung'uniko yakaisha siku hiyo.

Wiki ya tatu ya Septemba, Protase alikwenda kwa polisi mjini Bukoba. Ofisa alimzungusha mjini, akamtaka ageuze gari njia nyembamba, akamsimamisha katikati ya mlima na kusema, “Ondoka.” Protase alisikiliza injini. Aliachia klachi kidogo, akasikia gari linataka kwenda, akaachia breki ya mkono. Gari halikurudi nyuma hata upana wa kiganja. Ofisa aliandika kitu kwenye karatasi yake.

“Umejifunza kwa muda gani?”

“Tangu Mei, bwana.”

“Hm,” alisema ofisa, akagonga muhuri.

Mzee Rugaibula aliitazama leseni mbele na nyuma. Hakusifu. Alitoa funguo za lori mfukoni, akamwekea mkononi, kisha akaondoka upesi kwenda kupima kahawa.

Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, Protase alipakia magunia yake ya kwanza. Burhani alikuwa ameanza kazi kwenye basi la mjomba wake. Benigna alikuwa na mimba ya miezi saba, na nesi alimtaka aende hospitali Bukoba akapimwe. Alipanda mbele, kando ya mumewe, na mto mdogo mgongoni. Alishika mlango kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono mwingine.

“Usiongee nami,” alisema Protase. “Mpaka tuumalize mteremko.”

“Nani anaongea?”

Aliingiza gia nzito kabla ya kuanza kushuka, kama alivyofundishwa. Lori lililia kwa sauti nene, likashuka hatua kwa hatua. Kwenye kona alipunguza, akapiga honi, akapita. Mwanamke mmoja mwenye mtungi alisogea pembeni. Mbuzi wawili walikatiza, na Protase alikuwa amekwisha kanyaga breki kabla hawajafika katikati ya barabara. Chini, palipokuwa tambarare, alishusha pumzi.

“Haya,” alisema. “Sasa ongea.”

Hakujibiwa. Waliipita Muleba, na bado hakujibiwa. Protase alidhani amekasirika. Palipokuwa wazi mbele, bila mtu wala mbuzi, alitupa jicho upande wake mara moja.

Benigna alikuwa amelala. Mikono yake ilikuwa imeachia mlango na kiti, imelala wazi juu ya tumbo. Kinywa kilikuwa wazi kidogo, na kichwa kilifuata mwendo wa lori, kulia, kushoto, polepole.

Mbele kulikuwa na daraja la mbao lenye kishimo mwanzoni. Protase alipunguza mwendo mapema, akalipitisha gurudumu moja, kisha la pili, taratibu sana, asije akamwamsha.